Chai Mdomoni mwa Zephaniah

Lois aliteremka kutoka gari la Nairobi na masanduku yake, mwavuli wake wa hariri, na mapacha wake waliovalishwa soksi nyeupe mpaka magotini, kana kwamba kutoka stesheni ya Voi mpaka nyuma ya soko watu hutembea juu ya zulia. Mvua ya vuli ilikuwa inamwagika. Walipofika mlangoni kwa Tryphena zile soksi zilikuwa na rangi ya mchuzi wa maharagwe.

"Wifi, kumbe mpaka leo hamna lami?" Ndiyo iliyokuwa salamu yake ya Krismasi.

"Lami tuliambiwa imeishia huko kwenu Nairobi, wifi yangu. Karibu, karibu ndani, nyumba ni yako." Tryphena alimkumbatia, akampangusa maji begani, akampokea mwavuli. Lois alipoinama kuingia, Tryphena akamgeukia binti yake Wakesho, akamalizia kwa sauti ya chini: "Lami! Mtu wa Mboghoni, kakulia kwenye mifereji ya migomba, matope aliyajua kabla ya ziwa la mamake."

Hivyo ndivyo ulivyokuwa mdomo wa Tryphena. Ulikuwa na mlango wa barazani na mlango wa uani. Wa barazani ulitoa asali. Wa uani ulitoa takataka zote za siku hiyo, na watu, kwa kuwa ni watu, walipenda zaidi kupitia huo wa uani. Marehemu mumewe alikuwa mkaza misumari ya reli, hakumwachia mali ya kusemwa, lakini nyumba yake haikukosa wageni: wake wa reli, wauza maziwa, wapita njia waliokuja kwa dakika mbili wakaondoka jua likizama. Walikuja kwa sababu Tryphena alijua kumwigiza mtu. Mpe shuka na kijiti, akuletee stesheni masta mzima hapo sebuleni, kitambi, miwani na kikohozi.

Lois alikuwa mke wa Donald, kaka yake Tryphena, karani huko Nairobi. Donald alibaki kazini. Mpango ulikuwa Lois alale Voi usiku mmoja, kisha apande milimani kwa wakwe zake. Lakini mvua ilikata barabara ya milimani, naye akakwama sebuleni kwa wifi yake, miguu juu ya kiti, akilalamika. Usimwonee huruma. Kukwama huko hakukumuudhi sana, maana alichokifuata kilikuwa humo humo ndani. Alimfuata Wakesho.

"Mtoto mkubwa hivi anakaa tu hapa anachambua mchicha," alisema usiku ule wa kwanza, mbele ya Wakesho mwenyewe, kama mtu anayesifia ng'ombe mnadani. "Nikienda naye atajifunza nyumba ya kisasa. Atalala chumba kimoja na watoto. Ataona dunia."

Maana yake yaya. Yaya wake wa kwanza, msichana wa Kikuyu, alikusanywa asubuhi moja mwezi wa Aprili pamoja na mtaa mzima, akapandishwa lori kwa sababu ya ile hali ya hatari, na hakuna aliyejua alikopelekwa. Lois alilisimulia jambo hilo kama mtu aliyeibiwa pasi.

"Na walimchukua siku ya kufua," alisema. "Siku ya kufua, wifi!"

Tryphena hakuweza kumwambia hapana. Mabati ya nyumba ile yalinunuliwa na Donald, na Lois aliyatazama kila saa, hata pale yalipovuja, kwa jicho la mwenye mali. Njia ya kumwokoa Wakesho ilikuwa moja tu. Msichana aliyekwisha kuposwa hachukuliwi na mtu kwenda kufuta makamasi ya watoto. Na mposaji alikuwapo: Thadeus, kijana wa simu pale stesheni, mpole, mtanashati, anayeangalia chini anaposalimu. Wakesho alikuwa akienda stesheni kuulizia vifurushi ambavyo hakuna mtu aliyemtumia, na Thadeus alikuwa akivitafuta kwa bidii. Kijana hakuwa na kasoro ila moja, nayo ilikuwa baba yake.

Baba yake ndiye Zephaniah, mwenye duka Mwatate, mzee wa kanisa, mtu wa kitambi na kitambaa. Wafanyakazi wa katani walisema sukari ya Zephaniah haina uzito wa sukari, ina uzito wa kidole gumba, kwa jinsi kidole hicho kilivyopenda kupumzika juu ya mizani. Kila sentensi aliifunga kwa "kwa neema". Kabla ya kukaa alitoa kitambaa mfukoni, akakipangusia kiti, kisha akajipangusia uso kwa kitambaa kile kile. Wakati wa sala alifumba jicho moja. La pili lilibaki na nyama.

Mtu huyo alikuwa aje siku ya tatu baada ya Krismasi kuleta neno la mwanawe. Akitamka neno mbele ya wazee, Wakesho anabaki. Asipotamka, Wakesho anapanda gari la Nairobi na wale mapacha. Hilo kila mtu mle ndani alilijua, na Lois alilijua kuliko wote.

"Na hizi mvua," alisema kwa huruma ya uongo, "sijui huyo mzee wenu atafikaje."

Hao mapacha sasa. Klementi na Klementina, wa miaka sita, mvulana na msichana, sura moja, sauti moja, na ubaya mmoja waliougawana sawasawa bila kugombana. Mama yao aliwawekea sheria. Wasitoke nje, kuna matope. Wasicheze na watoto wa landi, zile nyumba za reli, wana chawa. Wasikae chini, kuna viroboto. Wasile kwa mkono. Badala yake aliwaletea kitabu cha picha chenye watoto wa kizungu wakirusha theluji, na vipande vya mbao vya kujengea. Kitabu walikimaliza asubuhi moja. Mbao walizijengea ukuta, kisha wakapigana nazo. Mvua haikukatika. Ikawa sufuria chini ya kila tundu la bati, ti-ti-ti, na mapacha wakazihamisha sufuria ili wasikie udongo unalia vipi. Walimwaga ugoro wa mzee Obadiah, shemeji wa Tryphena, kwenye unga wa ugali. Walimfunga jogoo wa Krismasi utepe shingoni, wakalia siku aliyochinjwa mpaka walipoonjeshwa paja lake.

"Watoto wangu wamezoea kushughulishwa," alisema Lois, akilala chali na kitambaa chenye maji usoni. "Washughulishe kidogo, wifi. Kichwa kinanigonga."

Tryphena aliwapa pojo wachambue, wakarushiana. Aliwapa hadithi ya fisi. Wakauliza fisi huyo anakaa mtaa gani, na kama ana namba ya nyumba. Mzee Obadiah, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, aliyeteremka kutoka Ndara mapema ili asije akapitwa na mgeni, wala na nyama ya mgeni, alijaribu kuwatisha kwa kukodoa macho. Wakamkodolea yao, manne kwa mawili, mpaka mzee akageukia moto.

Ndipo Ndulu, jirani Mkamba muuza maziwa, akabisha hodi na mkebe wake.

"Karibu, dada Ndulu! Na mvua yote hii umetukumbuka! Mungu akuweke!" Ndulu alipomimina maziwa na kwenda zake, Tryphena akaufunga mlango kwa kisigino. "Maziwa gani haya? Ng'ombe wa Ndulu siku hizi anakamuliwa akiwa ndani ya mto."

Mapacha wakacheka. Si kicheko cha ubaya, kicheko chenyewe, cha tumboni, cha kwanza tangu waje. Tryphena alikisikia kama mpiga ngoma anaposikia mtu mmoja ameanza kutikisa bega. Akajitwika mkebe. Akamtoa Ndulu mzima, mguu mmoja ukiburuta, macho yakiukwepa mkebe kama yana kesi nao. Mapacha wakaanguka chini, kwenye viroboto, wakashika mbavu.

"Mwingine, shangazi! Mwingine!"

Akawapa stesheni masta. Akawapa padre akitafuta miwani iliyo puani kwake. Kutwa nzima alicheza, na kesho yake tena, na Lois akalala usingizi mzuri chumbani. Mwisho akatia mto ndani ya gauni, akachomoa kitambaa.

"Huyu sasa," alisema, "ndiye mfalme wao."

Alipangusa kiti, alipangusa uso. Alipima sukari. "Ratili moja kamili, mama, kwa neema." Alisali na jicho moja. Alikunywa chai kwa kisahani, fyuuuu, mpaka hata mzee Obadiah akatikisika kwenye kona yake.

"Mama," alisema Wakesho kutoka jikoni. "Huyo si anakuja keshokutwa?"

"Atakuja, atakula, ataondoka. Hawa watoto wa soksi watamkumbukia wapi?"

Mapacha walikuwa wameshaanza. Na kwa kuwa walikuwa wawili walimzidi mwalimu wao: Klementi alikuwa Zephaniah, Klementina akawa mizani, mikono imetanuka, akipanda na kushuka chini ya kidole. Tryphena alifurahi. Akarekebisha kidole, kikae vizuri. Mtu mzima mwenye akili zake, binti yake ananing'inia kwenye neno la mtu, na yeye anawafundisha watoto kidole cha mtu huyo.

Zephaniah alifika kwa gari la Taveta lipitalo kwao Mwatate, amelowa hadi chupi, kifuani amekumbatia zawadi ya sukari iliyofungwa gazetini. Maji yalikuwa yameingia. Nusu ya zawadi ilikuwa imeshamtiririkia mikononi, naye alikuwa anairamba vidoleni alipodhani hakuna anayemwona.

"Karibu, mzee wetu! Karibu, baba! Kiti ndicho hicho!"

Zephaniah akatoa kitambaa. Akapangusa kiti. Akajipangusa uso. "Tumefika salama, kwa neema."

Mapacha wakatazamana. Midomo yao ilibaki wazi, jinsi mtu anavyobaki akikutana njiani na mnyama ambaye siku zote alidhani yuko kwenye hadithi tu.

"Shangazi," alinong'ona Klementina, "kumbe yupo!"

Tryphena akawatazama kwa jicho la kuua. Likawa halina nguvu tena. Kwa siku mbili walikuwa wameliona likichezwa.

Mambo hata hivyo yalianza vizuri. Nyama ililiwa, na jicho la pili likaona vyote. Mzee Obadiah alifungua mazungumzo kwa mbali kama inavyopasa: mvua, mahindi, bei ya katani, afya ya kila ng'ombe. Wakesho alikuwa nyuma ya pazia, na pazia lilikuwa linapumua. Lois alijitia katikati na birika.

"Mzee, kikombe kina mkono wake," alisema, Zephaniah alipotaka kumimina chai kisahanini. "Kisahani si cha kunywea. Ni cha kuwekea."

Zephaniah akanywa kikombeni, chai ya moto, machozi yakamlenga. Lakini alikuwa ameshiba, na mtu aliyeshiba husamehe. Akaweka mikono juu ya kitambi. Akakohoa kile kikohozi cha neno.

"Lakini kwanza," alisema Zephaniah, "hawa malaika wa Nairobi. Hawajui hata wimbo mmoja, kwa neema, watuchangamshe?"

"Wanajua mengi!" Lois aliruka, akawasukuma mbele. "Klementi, Klementina, mwonyesheni babu mnachojua."

Wakamwonyesha. Tryphena alitaka kupiga kelele moto unawaka, akachelewa. Klementi alipangusa kiti, akapangusa uso. Klementina alitanua mikono akawa mizani. Kidole kikapumzika. "Ratili moja kamili, mama." Kisahani, fyuuuu. Sala, jicho.

Kisha Zephaniah akapiga paja lake kofi.

"Maundu!" alipaza sauti. "Maundu mtupu! Mwenye duka mkabala na langu! Jamani, hawa watoto wamemwona wapi Maundu? Hata kile kitambaa! Mwizi yule, kidole chake na mizani ni mtu na mkewe!" Alicheka, akatoa kitambaa, akajipangusa machozi, akapangusa na meza. "Ila jicho mmekosea. Maundu hufumba la kulia. Rudieni."

Wakarudia. Akawaelekeza, kwa mkono wake mwenyewe, jinsi ya kuweka kidole. Tryphena alirudiwa na roho yake. Mjinga wa namna ile, alijiambia, ni zawadi kutoka juu. Angenyamaza hapo, angewapa watoto andazi, neno lingetoka na mambo yangekwisha. Lakini Lois, aliyependa kuona watoto wake wakisifiwa, akasema, "Na mwingine! Mnamjua nani mwingine?"

"Shangazi!" walijibu kwa sauti moja.

Walisimama mgongo kwa mgongo. Klementi akawa uso wa Tryphena, Klementina akawa kisogo chake. Klementi alitanua mikono. "Karibu, mzee wetu! Karibu, baba! Kiti ndicho hicho!" Wakazunguka kama mlango. Klementina akabinua mdomo. "Limefika hilo pipa. Ficheni paja la kuku, lisije likaliuliza kwa neema liko wapi."

Wakazunguka tena. "Tuliwangoja, jamani!" Wakazunguka. "Sukari yenyewe nusu ni kidole."

Hakukuwa na haja ya kuzunguka mara ya tatu. Hata mjinga ana kikomo. Zephaniah alitazama kitambaa mkononi mwake, akatazama kidole gumba chake kana kwamba kimetoa ushahidi mahakamani. Akainuka.

"Maundu hasemi kwa neema," alisema polepole.

"Ni watoto, baba," alisema Tryphena. "Watoto wa mjini, hawana adabu..."

"Adabu wamefundishwa nyumba hii."

"Mzee Zephaniah, una hasira," alisema Obadiah.

"Mimi sina hasira. Mtu wa kanisa hana hasira. Lakini mambo ya kijana wangu tuyaache." Akachukua kofia, akaufungua mlango kwa kishindo, akatoka mvuani na heshima yake yote.

Akarudi. Stesheni walimwambia tuta la reli limeliwa na maji njiani, gari la Taveta haliendi popote mpaka litengenezwe, na hoteli zote za sokoni zimejaa waliokwama. Aliingia mlango ule ule, maji yakimchuruzika, akakaa kwenye kiti kile kile bila kukipangusa. Je, umewahi kukaa chumba kimoja na mtu aliyekwisha kukuaga kwa hasira? Walikaa. Mvua ilinyesha. Lois alikuwa anang'aa kama bakuli lililosuguliwa.

"Wakesho," aliita kwa sauti tamu. "Anza kukunja nguo zako, mwanangu. Gari la Nairobi halijakatika."

Mzee Obadiah aliweka kuni motoni. Tangu afike alikuwa hajafungua mdomo ila kwa nyama, ugoro na ile mizunguko ya mazungumzo, lakini mbuzi wa mahari ya Wakesho walikuwa na njia ya kupita mkononi mwake, naye aliwaona wanageuka wanarudi Mwatate. Jambo hilo lilimwamsha.

"Watu tunajuana hapa," alisema, akiutazama moto. "Wote tunaenda kanisani. Lakini sisi ni Wadawida. Hasira ya mtu mzima haihitaji laana. Ikikaa tu moyoni inafanya kazi yake yenyewe. Leo homa, kesho mbuzi anatupa mimba, keshokutwa mtoto. Na watu wakiuliza, watauliza ni moyo wa nani. Kuna maji hapo. Mzee atie funda mdomoni, apulize, hasira itoke na maji, atase kama baba zetu walivyotasa, iishe."

Lois akacheka kwa pua. Zephaniah akawa mwekundu. Kila mtu alijua kwamba ni yeye aliyesimama kanisani Mwatate akawataja kwa majina wazee waliotasa, akataka waondolewe kwenye meza ya Bwana. Angepuliza maji leo, habari ingefika Mwatate kabla yake, hata kwa reli iliyokatika.

"Siwezi kufanya mambo ya giza," alisema. "Na tena sina hasira."

"Basi sema neno la kijana."

"Sisemi."

Tryphena alikaa kwenye kigoda, kwa mara ya kwanza maishani hana la kusema, si kwa mlango wa mbele wala wa uani. Kila kicheko alichochuma kwa siku mbili kilikuwa kimegeuka deni. Pazia likafunguka. Wakesho akatoka na birika.

Hakumtazama mama yake. Alipiga goti mbele ya Zephaniah kama binti anavyompigia goti mkwewe, akamimina chai, si kikombeni, kisahanini, ikajaa hadi ukingoni.

"Itapoa haraka, baba," alisema.

Zephaniah alimtazama Lois. Kisha, kwa kiburi kidogo, akainua kisahani kwa mikono miwili. Wakesho, angali amepiga goti, akawageukia mapacha kuwapa maandazi, na alipowasogelea masikioni Tryphena aliona midomo yake inacheza. Maneno machache tu. Mapacha waliweka maandazi chini. Ubaya mtupu uliwajaa usoni.

Sasa, asubuhi ya siku hiyo Lois alikuwa ameenda chooni, uani. Alikwenda na mwavuli, kitambaa puani, viatu vimevikwa magazeti. Alikuta mbuzi dume wa Ndulu amejificha mvua humo ndani. Kilichotokea kilisikika mpaka sokoni, lakini waliokiona kwa macho, kupitia tundu la ukuta, walikuwa wawili.

Klementina akakunja mdomo, akabana pua, akafungua mwavuli wa hariri hapo hapo sebuleni, akatembea kwa ncha za vidole. Klementi akapiga magoti nyuma ya kiti, akatafuna. Klementina akasukuma mlango usiokuwapo. Macho yakamtoka. Kisha, kwa sauti ile ile ya Lois, ya mtu anayemwomba bwana mkubwa ampishe ofisini:

"Eksikiuzimi!"

Mbuzi akatafuna. Akafikiri. Akamjibu: "Meeee."

"Eksikiuzimi, nimesema! Hamna mlango hapa? Wifi! Kuna mtu chooni!"

Zephaniah alikuwa ameshafyonza kisahani kizima. Chai ilikuwa yote mdomoni, mashavu yamejaa. Alijaribu. Alifumba jicho moja, akafumba la pili, akashika kiti. Kisha ikatoka, yote, kwa kishindo, kama bomba la injini linapoachia mvuke: ikamlowesha Obadiah kichwani, Tryphena kifuani, na Wakesho, aliyekuwa angali amepiga goti, usoni na mikononi. Zephaniah akainama akicheka, akalia, akapiga meza, akacheka tena, kitambi kikiruka peke yake.

Obadiah alikuwa ameshasimama. Hakujipangusa.

"Imetoka!" alisema kwa sauti ya mtu wa miaka ishirini. "Mmeona wote? Imetoka mdomoni, mbele ya watu, imemwangukia binti! Hasira ya Zephaniah imetoka, isirudi! Na kuwe na amani, na mvua inyeshe, na binti huyu azae, na mbuzi wazae, na nyumba hizi mbili zizae!"

"Hapana!" Zephaniah alikuwa anapumua kwa shida. "Hapana, hiyo ni chai! Nimepaliwa na chai!"

"Chai, maji, pombe ya miwa, vyote huingia na kutoka."

"Mimi sikutasa! Mimi mtu wa kanisa!"

"Basi bado unayo moyoni?"

"Sina! Nilisema tangu mwanzo sina!"

"Haimo?"

"Haimo!"

"Wote mmesikia. Haimo." Obadiah akakaa, akajikung'uta chai kwenye nyusi. "Kama haimo, hakuna kinachozuia neno la kijana. Au kipo?"

Zephaniah alitazama dari, mabati, sufuria za mvua, kama mtu anayetafuta pa kutokea. Kusema kipo ni kusema ana hasira. Kusema alitasa ni kupoteza kiti chake kanisani. Mbele yake Wakesho alikuwa angali amepiga goti, chai inamdondoka kidevuni, ametulia kama picha, ila kona ya mdomo ilikuwa na kazi kubwa ya kujizuia.

"Naleta neno," alisema Zephaniah hatimaye, kama anayetapika kipande cha sabuni, "la mwanangu Thadeus." Kisha mazoea yakamshinda. "Kwa neema."

Lois akasema kichwa kimemwanza upya.

Gari la Nairobi lilikuja asubuhi ya pili, na Lois aliondoka nalo, maana milimani alisema hakuna tena sababu ya kwenda, na kwamba hewa ya Voi si ya watoto. Soksi zilikuwa zimefuliwa na kukataa kuwa nyeupe. Thadeus mwenyewe ndiye aliyepakia masanduku, macho chini, masikio yamemwiva.

"Karibuni tena, wifi yangu!" aliita Tryphena kutoka jukwaani. "Nyumba ni yenu! Tutawakumbuka!"

Dirishani mapacha walisimama mgongo kwa mgongo. Klementi alipunga mkono, uso mtamu, "Karibuni tena, nyumba ni yenu!" Wakazunguka, na Klementina akabinua mdomo, akasubiri, jicho kwa shangazi yake, apewe nusu ya pili.

Tryphena aliung'ata ulimi wake. Alikuwa ameapa usiku ule, mbele ya Mungu na sufuria za mvua, kwamba ule mlango wa uani ameufunga. Gari likapiga filimbi, likavuta. Mabehewa yakapita moja baada ya jingine, naye akanyamaza, shingo imemvimba kwa kunyamaza. Ilikuwa Wakesho, ambaye tangu Krismasi hakuwa amesema maneno yanayojaza kibaba, aliyeegemea bega la mama yake, akiendelea kupunga mkono na kutabasamu.

"Aende," alisema. "Akikosa yaya amwite yule mbuzi wa Ndulu amlelee watoto. Wameshazoeana."